Mkwe Aliyepita Juu ya Bafu

Katika Songea nzima, Honorata alikuwa akijitapa, hakuna mtu aliyezijua ndege kumshinda yeye. Nyumba yake ilikuwa chini ya njia zinamoshukia, kwa hiyo alizisikia zote tangu ile ya kwanza iliyoleta wakubwa na kurudi na kuku wake, na kwa kikohozi tu angekuambia hii ni ya serikali, hii ni ya mapadre, hii ni ya matajiri wa vito. Ukifungua mdomo umsifu, alikuwahi mwenyewe: kupanda hajapanda, na wiki iliyopita tu alisimama uani akampungia rubani mkono wa heshima, kumbe ni lori la mahindi linapandisha kilima cha Msamala kwa gia namba moja.

Ila kikohozi cha ndege moja hakukikosea hata siku moja, kwa sababu alikichukia. Ilikuwa ndege ya mkwe wake.

Mkwe huyo aliitwa Saimon, na alipenda aitwe Kapteni hata na mama aliyemzaa. Alikuwa amemwoa Pamela, binti wa pekee wa Honorata, akamhamishia Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ile serikali iliposema ruksa, kila mwenye chake afungue chake. Majengo ikawa duka kila mlango, mitumba ikashuka kwa marobota, bati zikashuka bei mpaka Honorata mwenyewe akajinunulia mbili akaezekea bafu lake la matete, akawa mtu pekee kilimani pale anayeoga bila kuonwa na kunguru. Shemeji yake Hironimus, kaka wa marehemu mumewe, ndiye aliyezipigilia bati hizo, akakosa msumari akapata kidole gumba. Na tajiri mmoja wa Dar, naye akiwa katika hiyo ruksa, akanunua ndege mbili ndogo kuukuu ili awabebe wanunuzi wa vito wanaokimbilia Tunduru. Marubani walikuwa wawili. Mmoja akachoka akaacha kazi, na tajiri hakuona haja ya kuajiri mwingine maadamu aliyebaki alikuwa bado anasimama kwa miguu yake.

Aliyebaki ndiye Saimon. Tunduru, Dar, Songea, Tunduru tena, kama basi la mkoa. Ukimpa pole kwa uchovu anakucheka. Kapteni hachoki, alikuwa akisema, anayechoka ni punda.

Kwa desturi za pale, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, haendi nyuma ya nyumba yake, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu wa tatu. Desturi hiyo iliwafaa wote wawili, maana ilifunika chuki kwa blanketi la heshima. Kwa kupitia watu, Saimon alikuwa ameshamwagizia Honorata akate miti yake ya milingoti iliyo nyuma ya shamba kwa kuwa inaiziba njia ya ndege. Kwa kupitia watu hao hao Honorata alijibu kwamba miti ilitangulia, ihame ndege. Safari nyingine Saimon alimwambia Isidori, mdogo wake Pamela, kwamba kutoka juu nyumba ya mama inaonekana kama kinyesi cha mbuzi. Isidori, ambaye hakujaliwa kuficha neno, alilifikisha. Honorata akaagiza jibu: mwambieni mkwe, hata inzi huiona nyumba yangu hivyo hivyo, na ndiyo maana haachi kuja.

Basi, asubuhi ile ya Juni ukungu ulikuwa umeikalia milima ya Matogoro kama kuku anayeatamia, na Honorata alikuwa kwenye maharage yake, kavaa kanga mbili na sweta la marehemu mumewe. Akakisikia kikohozi. Akakisikia karibu mno, na upande usio wake, chini, kule wanakopita mbuzi. Alipoinua kichwa tumbo la ndege lilikuwa juu yake, limelowa, na magurudumu yananing'inia kama miguu ya korongo. Yaliipiga milingoti miwili kwenye shingo, vichwa vya miti vikaruka. Na katika kioo cha mbele, kwa muda wa kupepesa jicho, alimwona mkwe wake. Kidevu kilikuwa kifuani. Alikuwa amelala kama padri mzee anaposikiliza mahubiri ya padri kijana.

Mlio wa matawi ndio uliomwamsha. Ndege ikanguruma, ikainua pua kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha ikakaa kwenye mahindi makavu ya jirani yake Benigna, kabla ya uwanja kuanza. Mguu mmoja ukakatika, ikazunguka, ikanyamaza.

Honorata alikimbia na maharage mkononi. Abiria walikuwa wawili, wanunuzi wa vito. Mmoja alikuwa amevunjika mfupa wa bega na analia kama mtoto, mwenzake hakuumia ila hakukumbuka kitu, maana wote wawili walikuwa wamelala njia nzima. Saimon alishuka wa mwisho. Ukungu ule wote, na bado alikuwa na miwani ya jua. Neno lake la kwanza halikuwa pole kwa aliyevunjika, wala samahani kwa Benigna na mahindi yake. Aliuliza, kwa sauti ya watu wote wasikie, ni nani aliyempa namba ile.

Aliyempa namba alikuwa Isidori.

Isidori alianza pale uwanjani kwa kufyeka majani, akasomeshwa kidogo, akapewa redio. Alimweleza mama yake mambo yalivyo, na mama akayaelewa kwa namna yake. Kila ndege ina chombo, Isidori alikiita altimita, Honorata akakiita saa ya kimo, chenye mishale ya kumwambia rubani yuko juu kiasi gani. Lakini saa ile inadanganyika. Hewa ya leo si ya jana, na ya Dar si ya Songea, kwa hiyo rubani akikaribia kutua lazima asomewe namba ya hewa ya pale na ya siku ile, azungushe kitufe, saa irudi kwenye ukweli. Asipozungusha, saa itamwambia bado yuko juu kumbe miguu inakwangua miti. Isidori alisema alimsomea Saimon namba sahihi, akamsomea na mara ya pili, na Saimon badala ya kuirudia kama sheria inavyotaka akajibu sawa, sawa, kwa ulimi mzito kama wa mtu aliyetoka kilabuni. Saimon akasema namba aliyosomewa ilikuwa ya uongo, akairudia vizuri, akaiweka, na shemeji yake ndiye aliyetaka kuwaua. Saa yenyewe ilikuwa imepasuka kioo na mishale imelegea, haikuwa na ushahidi kwa yeyote. Redio ya Songea haikuwa na mtambo wa kuhifadhi sauti. Likabaki neno la Kapteni na neno la mfyeka majani.

Usiulize lipi lilikuwa zito. Isidori alivuliwa kazi siku hiyo hiyo, akaambiwa asitoke mjini, na polisi aliyemwandika maelezo akamshauri kwa upole aanze kutafuta wa kumlimia mke wake shamba, maana kesi ya kuhatarisha roho za watu haina faini. Kijana hakupiga kelele. Alikaa barazani kwa mama yake, redio yake ndogo ya mkulima imezimwa mapajani, anazungusha kitufe kushoto na kulia. Honorata alivumilia kumtazama asubuhi moja tu. Ya pili alimwambia amtolee hicho kitufe machoni, akaenda mjini.

Mkaguzi wa ajali za ndege alikuwa ameshafika kutoka Dar, mwanamke, Bi Tumpe, mzaliwa wa Rungwe, mpole wa sauti na mkavu wa macho. Alimsikiliza Honorata mpaka mwisho, akamwambia ukweli.

"Mama, ukisema ulimwona amelala nitaandika. Lakini wenzangu wataniuliza ukungu ulikuwaje, ulimwona kwa muda gani, na huyu kijana anayeshtakiwa ni nani wako. Nikisema ni mwanao, watafunga daftari."

"Na yeye Kapteni amekuambiaje?"

Bi Tumpe alisita, kisha akaona halina siri, lilikuwa limeshasemwa mbele ya polisi. Kapteni alisema alilala usiku kucha nyumba ya wageni Tunduru, na tangu waliporuka mpaka walipoanguka hakuyaondoa macho kwenye mishale na kioo.

"Macho wazi," Honorata alisema.

"Wazi. Amesema hata nzi angepita angemwona."

Honorata alirudi kwa miguu anaitafuna ile habari ya nzi. Njiani alikutana na ujumbe wa Pamela, umeletwa kwa mdomo na dereva wa basi: mama nakuomba usiingilie, mume wangu akikosa leseni tutakula nini. Hakumjibu. Alikuwa na watoto wawili, na mmoja anataka kula, mwingine anataka asifungwe. Kula kunaweza kungoja.

Akaona wazi kwamba mtu yule hawezi kushindwa kwa mambo ya ndege. Huko ana Kiingereza, ana kofia, ana miwani. Lazima atolewe huko, aletwe mahali ambapo hata kofia haimsaidii. Yaani kwenye ukwe.

Jioni alimpelekea shemeji yake Hironimus kibuyu cha komoni. Hironimus ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo tangu wenzake wote wafe, mzee wa haki ila wa kusahau; kofia yake alikuwa akiitafuta akiwa ameivaa. Honorata alimwachia anywe nusu, kisha akajifunika uso kwa kanga akaanza kulia kidogo kidogo.

Alikuwa bafuni, akasema. Asubuhi ile ndege ilipokuja alikuwa bafuni, hana hata uzi, ana povu kichwani, anainua macho anamwona mkwe wake anamtazama kutoka juu. Mkwe, shemeji. Aliyemwoa Pamela. Ameona ambacho marehemu mwenyewe alikiona kwa kuomba radhi.

Uongo ule ulimtoka laini kama uji wa mtoto. Hironimus aliweka kibuyu chini. Habari za bati hazikumjia hata kidogo, na Honorata, aliyekuwa akikichungulia kidole gumba cha mzee katika upenyo wa kanga, akapumua.

Kikao kiliwekwa Jumapili baada ya misa, uani kwa Honorata. Saimon aliitwa kutoka nyumba ya wageni Majengo, na hakuweza kukataa. Mtu huweza kukataa polisi, hakatai wakwe. Alikuja na baba yake mdogo, Osmund, mzee mwembamba mwenye masikio mazito kutoka Mbinga ambaye ndiye aliyesimamia mahari na tangu hapo alihesabu kwamba walilipa kupita kiasi. Wanaume walikaa kwenye benchi na viti, wanatazama barabara. Wanawake walikaa mkekani nyuma yao, kwenye kivuli cha ukuta. Saimon alipewa kigoda akae mgongo kwa wanawake, kwa sababu huko ndiko aliko mama mkwe, na huko shingo yake haikuruhusiwa kugeuka hata nyumba ikiwaka moto.

Kwenye mkeka kulikuwa na Honorata, Benigna wa mahindi, na mwanamke wa tatu aliyejifunika kanga mpaka kwenye nyusi.

Bi Tumpe hakuja kujificha. Honorata alikuwa amemwomba afike Jumapili hiyo aione milingoti iliyokatwa, akafika mapema, akakuta watu wanapanga viti. Akaomba aonyeshwe choo, akaenda nyuma ya nyumba, akanawa mikono, akarudi. Honorata akamwambia kuna maneno madogo ya ukwe, yakiisha watakwenda kuiona miti. Kwa sasa akae na wanawake, ajifunike, asije akamwaibisha mkwe. Bi Tumpe alijifunika bila kuuliza. Kwao Rungwe, alisema, ukisikia mkwe yuko njiani unaingia kwenye migomba.

Hironimus alifungua kikao. Akauliza, kama inavyopasa, kama kuna mgeni kati yao, maana maneno ya ukwe hayatoki nje ya ua. Osmund akasema upande wao hakuna.

"Upande wetu ni sisi wanawake tu," Honorata alijibu.

Hapo hakusema uongo. Huo wa bafu ulikuwa unatosha kwa wiki moja.

Hironimus akaeleza shitaka. Akaeleza na sheria yake: mkwe aliyeuona uchi wa mama mkwe, kwa kusudi au kwa bahati, hulipa mbuzi watano na mmoja wa kuoshea macho, na mke wake hurudishwa kwao akae huko mpaka aibu ikauke, mwaka, miwili, kadiri wazee watakavyoona. Na anayemsingizia mkwe jambo hilo hulipa yeye mbuzi hao hao. Aliposema mke hurudishwa kwao, Honorata alishtuka kwenye mkeka. Kipande hicho alikuwa amekisahau. Akauma pindo la kanga. Ngoma ilikuwa imeshawambwa.

Osmund alisimama kwanza. Alisema anamheshimu mama mkwe, lakini anajiuliza ni mwanamke gani wa umri ule anayekoga alfajiri ya Juni, baridi inayowatoa machozi hata mbwa.

"Mwambieni baba mdogo," Honorata alisema, "kwetu tunaoga. Kwao sijui."

Benigna alikohoa cheko lake. Hironimus akagonga fimbo, akamwambia Saimon ajibu mwenyewe.

Saimon alijibu akiitazama barabara. Alikuwa amenyoa vizuri, na alizungumza kama anayewatangazia abiria. Alisema alikuwa juu sana, mahali pa haki pa kupita, na kutoka kimo kile binadamu haonekani, mwenye nguo wala asiye na nguo.

"Mwulizeni mkwe," Honorata alisema, "majani ya milingoti yangu yaliyokutwa kwenye magurudumu yake yalipanda juu kumfuata?"

Hata Osmund alitazama chini. Saimon akarekebisha kofia. Akasema sawa, mwishoni alishuka kidogo, kwa sababu ya namba mbovu aliyopewa na mtu anayejulikana. Lakini hakutazama chini. Macho yake yalikuwa kwenye mishale na kioo cha mbele.

"Mtu anayetazama saa na kioo," Hironimus alisema polepole, "na nje ya kioo kuna mti, kisha kuna mama mkwe. Mti hukuuona?"

"Sikuuona, baba mkubwa."

"Mama mkwe?"

"Sikumwona."

"Na ulikuwa macho."

Saimon aliisukuma miwani ikae vizuri puani.

Honorata aliinamisha kichwa. Sauti yake ilikuwa tamu sasa, ile ya kumbembelezea kuku aingie kwenye tenga.

"Mwambieni mkwe mimi sina ugomvi. Mwambieni mlango ni miwili tu. Kama alikuwa macho, ameniona, na Pamela apande basi Jumanne aje nyumbani. Kama hakuniona, aseme kwa nini."

Osmund alimnong'oneza mwanaye, na mnong'ono wa viziwi wa Mbinga unasikika hadi Peramiho. Alimwambia haya ni maneno ya ukoo, hayatoki nje, aseme neno la kuwaridhisha hawa wazee, mke asirudi. Mbuzi yeye hatoi.

Saimon alivua kofia. Akavua na miwani, na Isidori, aliyekuwa amekaa ncha ya benchi na redio yake mapajani, akamwona macho kwa mara ya kwanza tangu ajali. Yalikuwa mekundu kama ya mtu wa tanuri la matofali.

"Pamela asirudishwe," alisema. Sauti ya kutangazia abiria ilikuwa imemwisha. "Baba mkubwa, sikumwona mama. Naapa sikumwona. Nilikuwa nimelala."

"Umelala huku unaendesha?"

"Nimelala. Tangu Jumatatu nilikuwa sijaona kitanda. Tajiri ananiambia shuka, pakia, ruka. Tunduru nililala kwenye kiti cha ndege huku wanajaza mafuta. Nilimsikia Isidori anasoma namba, nikamsikia kama ndotoni, mkono ukakataa kunyanyuka. Ile saa sikuigusa. Ilikuwa na namba ya Dar mpaka kwenye miti. Miti ndiyo iliniamsha. Sasa niambieni, mtu wa hivyo ataona uchi wa nani?"

Isidori alikuwa ameacha kuzungusha kitufe cha redio. Honorata alihisi kitu kinamgusa moyoni, kidogo, kama kidole cha mtoto, akakitambua kuwa ni huruma, akakisukuma. Mtu huyu alikuwa tayari kusema kweli ili asilale bila mke, lakini si ili shemeji yake asilale rumande.

Hironimus alijikohoza. Alisema mtu aliyelala hana macho, na asiye na macho hakuona, hivyo kesi ya ukwe haipo. Osmund akaanza kutabasamu.

"Kapteni."

Sauti ilitoka mkekani, na haikuwa ya mama mkwe wala ya Benigna. Saimon aliikaza shingo. Alitazama barabara kwa nguvu zote, kama mtu anayesikia nyoka chini ya kitanda.

"Kapteni, ni Tumpe, mkaguzi. Samahani kwa kuingia kwenye maneno ya wakwe. Alhamisi uliniambia mbele ya polisi kwamba ulilala usiku kucha nyumba ya wageni, kwamba namba ya Isidori ilikuwa mbovu na uliirudia, na hata nzi angepita ungemwona. Na leo umewaapia wazee. Nichukue ipi?"

Sheria au si sheria, Saimon aligeuka. Akaona kanga tatu, na chini ya moja yale macho makavu. Osmund alilalamika kwamba waliambiwa hakuna mgeni; Hironimus akasema waliambiwa kuna wanawake, na huyu kwa kumtazama haonekani kuwa dume.

"Ya leo," Saimon alisema mwishoni. "Chukua ya leo."

Bi Tumpe alisimama, akajikung'uta. Alimwambia Isidori afike kwake kesho asubuhi, na aje na moyo mweupe. Kwa tajiri wa Dar alikuwa na maneno mengine, na hayo hakutaka kuyasemea mkekani. Isidori aliinama akashika kichwa kwa mikono miwili. Honorata alikuwa akiumba usoni sura ya mjane aliyeonewa lakini amesamehe, na ilikuwa inakaribia kukaa sawa, Bi Tumpe alipomgeukia kwa adabu.

"Nikaione sasa hiyo miti, mama. Ila kuna kitu hakijaniingia. Nilipoenda kunawa nimeona bafu moja tu huko nyuma. Lina bati."

"Ni za juzi hizo," Honorata alisema haraka. "Baada ya kuonwa, nikaona niezeke."

Hironimus alikuwa ameinua mkono kuitafuta kofia yake kichwani. Mkono ukasimama hewani. Akaushusha, akakitazama kidole gumba, kucha nyeusi iliyokuwa inang'oka taratibu na nyingine changa inaisukuma kwa chini.

"Bati hizo," alisema, kama anayesoma maandishi madogo, "nilizipigilia mimi. Wiki ya Pasaka."

Benigna alijifunika uso wote, mabega yanatikisika. Osmund alisimama wima, na ghafla alikuwa hasikii vibaya hata kidogo. Akauliza wale mbuzi sita wa kusingizia wako zizi gani, kwa kuwa yeye ana safari ndefu ya kuwaswaga.

Saimon alikuwa amerudisha mgongo wake kwa wanawake, kama inavyopasa. Kofia ilikuwa mapajani.

"Baba mkubwa," alisema, kavu, "mwambieni mama mkwe, mimi nimeshasema nilikuwa wapi. Na yeye aseme alikuwa wapi."

Wote walimtazama, hata kuku. Honorata alitafuta mlango wa tatu, naye ndiye aliyekuwa amekwisha kusema ni miwili.

"Mwambieni," alisema kutoka ndani ya kanga, "nilikuwa kwenye maharage. Nimevaa sweta."